Ukuta wa Injini

Baada ya vipindi, Mwalimu Athanas huketi uani kwake Nyahanga na kuchora vifaru vya kwanza vya vita, vile vya mwaka 1916, jinsi ambavyo vingeundwa na watu wenye subira zaidi. Vya kweli vilikuwa na injini katika chumba kilekile cha askari, na moshi uliwazimisha kabla ya adui kuwafikia. Katika mchoro wa mwisho, Athanas aliihamishia injini nyuma ya ukuta wa chuma.

Asubuhi kifaru cha mchoro huo kilikuwa kimesimama uani, kati ya choo na banda la kuku. Mkewe, Euphrasia, aliona chuma chake kinashika joto vizuri, akaanika michembe ya viazi juu yake.

Jioni walishuka kutoka ndani yake askari waliokufa katika vile vya kwanza. "Mwadila, mayu," walimwamkia. Aliwapa maji ya kunawa. Walisema sasa ndani kunakalika.

Ngusa, mdogo wake Euphrasia, alichimba dhahabu kwenye duara, shimo la tajiri mmoja, Maduhu. Maji yakijaa, Maduhu hushusha pampu ya petroli chini waliko wachimbaji, kwa kuwa ikiwa juu haiyafikii. Pampu ya umeme ingefaa, na jenereta ipo juu, lakini inaendesha friji ya soda. Ngusa alikuwa akirudi akitapika, kichwa kikimuuma kwa moshi.

"Mlete tajiri wako auone ukuta," Euphrasia alimwambia. "Akiuona ataelewa."

Maduhu alikuja Jumapili baada ya misa. Askari walimpisha. Aliketi ndani injini ikinguruma, na hakukohoa.

"Mwalimu, hapa umefikiri. Moshi wote uko kule."

"Injini kwake, watu kwao," alisema Athanas.

"Nimeelewa. Sasa injini yenye nguvu namna hii mnaanikia viazi?"

"Tumekuitia ukuta, baba," alisema Euphrasia.

"Ukuta baki nao, mama. Hauvuti maji."

Vijana wake waliifungua injini, wakaipakia kwenye Fuso. Athanas aliifuta kwenye mchoro, lakini kilichokwisha kutoka uani hakikusikia ufutio. Kesho yake iliteremshwa shimoni. Ilivuta kuliko pampu zote.

Jumanne moshi wake ulimzimisha Ngusa, na walipompandisha alikuwa amekwisha kufa. Wachimbaji hushuka peku, kwa hiyo katambuga zake zilikuwa mdomoni mwa duara. Maduhu alizileta mwenyewe msibani, pamoja na gunia la mchele, akamuuliza Athanas kama angeweza kuchora injini nyingine, kubwa zaidi.

Baada ya maziko, jioni, askari walishuka kama kawaida. Ngusa alishuka wa mwisho, peku.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kichwa?"

"Kimeacha."

Dada yake alimpa katambuga zake, naye akazivaa, akaketi na wenzake. Kutoka upande wa machimbo injini ilisikika ikivuta maji bila kukwama. Euphrasia alisikiliza kidogo, kisha akaanza kuondoa michembe juu ya kifaru, ili wengine watakaokuja wapate pa kukaa.