Nyumba Iliyonyamaza kwa Ajili ya Valentine

Nyanchera alikuwa mama wa maneno, na kijijini kwao karibu na Itumbe hakuna aliyethubutu kulipinga hilo. Akichuma chai aliongea, akipalilia migomba aliongea, na hata kanisani siku ya Sabato, watu wakiombwa waombe kimyakimya, jirani zake walisikia kila alichomwomba Mungu. Mjukuu wake Valentine, aliyeachwa mikononi mwake tangu akitambaa, alirithi mdomo huo mzima mzima. Wazazi wa mtoto, Anyona na mkewe Gladys, walikuwa Kisii mjini, baba akipakia ndizi kwenye malori na mama akiuza nguo dukani, na walikuja nyumbani Sabato walizopata nafasi.

Basi Valentine akaingia Gredi ya Kwanza. Gladys alileta sare mpya na sweta lililomfika mtoto magotini, ili akue nalo, kisha akamvuta mama mkwe wake pembeni jikoni. Alisema kwa adabu, macho chini.

"Mama, naomba jambo moja. Usimwongeleshe mtoto Ekegusii tena. Wenzake wa mjini wanaongea Kiingereza na Kiswahili tu. Huyu wetu ataachwa nyuma."

Na ombi hilo lote alilitoa kwa Ekegusii.

Nyanchera hakubisha. Gladys alikuwa amesoma, na nani asingetaka mjukuu wake afike mbali? Shida ni kwamba Kiswahili chake Nyanchera kilikuwa cha soko. Kiliweza kuuza mkungu wa ndizi, kumsalimia polisi na kumwonyesha daktari mahali panapouma, basi. Hakikuwa na hadithi ndani yake, wala utani, wala namna ya kumwambia mtoto kwamba leo amependeza. Akawaza, akawazua, mwishowe akaamua kwamba kuliko kumharibu mtoto, heri afunge mdomo. Akawa na maneno machache tu. Njoo. Kula. Oga. Lala. Yaliyobaki aliiachia redio, iliyopayuka Kiswahili kutwa nzima kuhusu mpira na siasa.

Mwanzoni Valentine aliendelea kumiminika kwa Ekegusii kama kawaida. Bibi yake akaweka kidole mdomoni na kusema, "Kiswahili." Mtoto alisimama, akalitafuta neno, akalikosa, akaenda zake. Siku baada ya siku alirudi na machache zaidi, mpaka akawa harudi na lolote. Nyanchera akajipongeza. Alidhani mtoto ametulia, anakuwa msomi. Kumbe pale nyumbani kitu pekee ambacho Valentine angeweza kukisema kwa ufasaha ni tangazo la mbolea la redioni.

Habari mbaya ililetwa na jirani yake Bathsheba, mwenye mjukuu darasa hilohilo. Walikuwa kwenye kituo cha chai wakisubiri majani yapimwe.

"Nyanchera, wasemaje? Nasikia Valentine anarudishwa nasari. Eti hasemi kabisa darasani. Na mwalimu anakutafuta."

Kikapu kilimponyoka. Valentine? Yule Valentine? Nyanchera hakulala vizuri, na asubuhi alivaa gauni lake la kanisani, akaenda shule.

Mwalimu Apondi alikuwa mtu wa ziwani aliyeletwa huku milimani na kazi. Ekegusii chake kilichechemea, watoto wakikicheka naye akicheka pamoja nao. Alimkaribisha Nyanchera darasani, ambamo viti vyote vilikuwa vya watoto, na mama wa watu akakaa magoti yakikaribia kidevu.

"Mama, Valentine ana akili, sina shaka," Apondi alianza. "Lakini hasemi. Nikiuliza swali anaangalia chini. Nikiambia watoto watuambie walifanya nini nyumbani, yeye kimya. Mwalimu mkuu anaona arudi nasari. Mimi nimemwomba tungoje mpaka mwisho wa muhula. Sasa niambie, huko nyumbani huwa mnaongea nini na yeye?"

"Hatuongei, mwalimu!" Nyanchera akajibu kwa fahari. "Mimi nilifunga mdomo kabisa. Hata hadithi niliwacha. Kiswahili yangu ni ya soko, nikasema nisiharibu mtoto ya wenyewe."

Apondi alijifunika mdomo kwa mkono. Nyanchera alidhani anachekwa, lakini macho ya mwalimu hayakuwa ya kucheka.

"Pole, mama. Pole sana. Unajua Gredi Wani tunafundisha nini? Si mambo makubwa. Mtoto asikie sauti ndani ya neno, halafu aione kwa herufi. Ahesabu vitu anavyoshika na mkono. Angoje zamu yake. Atuambie ameona nini njiani. Na huku wanaanza kusoma na Ekegusii, hizo lugha zingine zinakuja polepole." Akachukua kitabu chembamba mezani, akamfungulia. "Ona."

Nyanchera alisoma kama alivyosoma Biblia yake. Kuku. Moto. Nyungu. Yalikuwa ya Ekegusii, maneno yake mwenyewe, ya jikoni kwake, yamechapwa vizuri na picha juu. Alipitisha kidole kwenye ukurasa, akaurudia.

"Maneno haya mimi nimeyajua nikiwa mkubwa," Apondi akasema taratibu. "Nayasema vibaya, unanisikia. Valentine anafaa kuja nayo kutoka kwako. Kama umeyafungia, mimi nitayatoa wapi?"

"Sasa nifanye aje, mwalimu?"

"Ongea na yeye tu. Mkichambua mboga, muulize majani yako mangapi. Akikuuliza kitu mjibu, hata akirudia mpaka uchoke. Akileta kitabu akusomee, na akikosea usimharakishe. Hiyo ndiyo kazi yako. Hii ingine niachie mimi."

Jioni Valentine alivua sare na kukaa kando ya bibi yake, mbele ya sinia la mboga za chinsaga. Walichambua majani, redio ikipayuka. Nyanchera alifungua mdomo, na ajabu, ulikuwa mzito.

"Unajua leo nimekaa kwenye kiti chako?" alisema kwa Ekegusii. "Magoti yamenifika hapa."

Mtoto aligutuka. Aliangalia mlangoni kana kwamba mama yake angetokea, kisha akaweka kidole mdomoni pake.

"Kiswahili, Magokoro," alimnong'oneza bibi yake.

Nyanchera aliumia moyoni kuliko siku zote. Alinyanyuka, akaizima redio, akarudi na kumshika mtoto mikono yote miwili iliyojaa utomvu wa mboga.

"Tumeruhusiwa kuongea, mama. Mwalimu Apondi amesema."

"Mwalimu mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Valentine aliokota jani moja, akalichunguza. "Ulikaa kiti gani? Cha dirishani?"

"Cha dirishani."

"Si changu hicho! Ni cha Ratemo. Ratemo anakula chaki." Akacheka, na baada ya hapo hakukuwa na breki. Mboga ziliungua, na Nyanchera alizila hivyohivyo, akishukuru kwa kila tonge.

Gladys alipokuja, Nyanchera alimweleza yote bila kumlaumu. Gladys alishika tama. "Mimi ndiye niliyewanyamazisha," alisema. "Nisamehe, Mama. Nilimtakia mema."

"Sote wawili tulimtakia mema," Nyanchera akajibu, "tukakaribia kumrudisha nasari." Wakacheka, Gladys akifuta machozi. Siku hiyo Anyona alimpakata bintiye wakahesabu ndizi za mkungu, na tangu hapo kila Sabato Gladys alisomewa kile kitabu chembamba mpaka akakijua kwa moyo.

Muhula ulipokaribia kwisha, mwalimu aliita tena. Nyanchera alikwenda na ndizi mbivu, akakaa kwenye kiti kidogo bila kuambiwa. Uso wa Apondi ulikuwa mkavu.

"Mama, nimekuita tena kwa ajili ya Valentine. Huyu mtoto hanyamazi. Nikiuliza Ratemo swali, Valentine anajibu. Nikikosea Ekegusii ananisahihisha mbele ya darasa. Nimemhamisha mara ngapi, anaongea na kila mtu!" Ndipo tabasamu lilipomshinda. "Hatarudi nasari. Mwalimu mkuu amemsikia mwenyewe."

Nyanchera alilia palepale kwenye kiti cha mtoto, bila haya.

Sabato iliyofuata, watu walipokaribishwa kutoa shukrani, alisimama wa kwanza. Kanisa likajiegemeza, likijua kwamba litakaa sana. Lakini mama wa maneno alisimama tu. Kila alipofungua mdomo, hakuna neno lililotoka. Ndipo Valentine, aliyekuwa kando yake, akapanda juu ya benchi na kumshika bega.

"Magokoro anasema asante," alitangaza kwa Ekegusii, sauti ikifika mpaka nyuma. "Anamshukuru Mungu, na mwalimu Apondi, kwa sababu sasa nyumbani kwetu tunaongea."

Alifikiri kidogo, akaona hajamaliza, akaendelea. Hakuna aliyemwambia aketi.