Chumvi Kwenye Kizingiti

Dada yangu Gulbanu si mtu wa kupiga kelele. Akikasirika hununa, na kununa kwake huweza kuchukua wiki. Kwa hiyo Jumamosi ile asubuhi niliposikia ukelele mlangoni, nilijua kaanguka. Niliacha mandazi kwenye mafuta, nikatoka mbio na mwiko mkononi.

Hakuanguka. Alikuwa amesimama nje ya mlango wetu, ghorofa ya tisa, Thorncliffe Park, koti mwilini na tasbihi mkononi, ndiyo kwanza anarudi kutoka jamatkhana kusali alfajiri.

"Daulat, usiguse!" akasema. "Rudi nyuma."

Mlangoni palikuwa pametundikwa duara la vitawi vikavu vilivyosokotwa, lenye ukubwa wa sinia. Juu yake majani mekundu, ya aina ile inayoanguka kila mahali mwezi wa kumi. Chini, mahindi mawili makavu. Katikati, kibuyu kidogo chenye shingo, kimefungwa uzi mwekundu. Kando ya kibuyu, ndimu mbili zilizochomwa vitu vyeusi pande zote, hadi zikawa kama nungunungu. Na chini kabisa lilining'inia fungu la nywele.

Nywele zenyewe zilikuwa na rangi ya hina. Dada yangu hupaka hina.

Nitasema kweli, moyo ulinipasuka. Sisi tumezaliwa Mombasa, tukakulia Kibokoni. Dini yetu haikutufundisha mambo hayo, lakini mtaa ulitufundisha. Hakuna mtoto wa kwetu asiyejua maana ya ndimu iliyochomwa misumari, kibuyu, uzi mwekundu na nywele za mtu mlangoni pake. Nimeishi Toronto tangu nikiwa msichana, nimefanya kazi benki, nina kadi ya maktaba, na bado nilirudi nyuma hatua mbili.

"Ni yeye," Gulbanu akasema kwa sauti ya chini. "Jumapili alipokuja aliomba kwenda msalani. Chanuo langu liko huko huko."

Huyo yeye ni Moraa, mchumba wa Alnasir, mwana wa pekee wa dada yangu. Ni mwalimu wa chekechea, msichana mtaratibu mwenye kucheka kwa macho, aliyezaliwa Kisii na kukulia Hamilton. Gulbanu alimkataa mwaka mzima. Mbele za watu alisema ni kwa sababu ya dini. Jikoni, mimi na yeye tu, alisema jingine: "Wakisii, Daulat. Hujui habari zao?" Habari zenyewe ni zile za magazetini na vibarazani, vikongwe wasio na kosa kusingiziwa uchawi, kisha aibu ya waliowasingizia ikatwikwa kabila zima. Nilimwambia hivyo hadi nikachoka. Mwishowe alikubali kwa shingo upande, na asubuhi ile ile mama yake Moraa alikuwa anakuja kwetu kwa mara ya kwanza, kuzungumza mambo ya harusi. Alnasir alikuwa ameshatoka na gari kwenda kuwachukua wote wawili.

Gulbanu aliingia jikoni akatoka na koleo la kugeuzia mishikaki. Akalibana lile duara, akalibeba kwa mkono ulionyooka mpaka bafuni, akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji, akamwagia pakiti nzima ya chumvi. Mlango wa jirani yetu wa kulia ulikuwa na fuvu la plastiki lenye macho ya taa. Wa kushoto ulikuwa na buibui wa plastiki mkubwa kuliko mbuzi. Hayo yote ya Halloween, sikukuu ya kutishana kwa mchezo, hayakumshtua. Kilichomshtua ni mahindi.

Kisha akachukua simu. Alnasir hakupokea, alikuwa barabarani. Gulbanu akaacha ujumbe, nami nikiwa nimesimama pale pale namsikia: "Alnasir, warudishe walikotoka. Yule mwanamke kaniroga. Harusi hakuna."

"Dada!" nikamwambia. "Umefanya nini?"

Alikuwa ameshafungua kabati, anatafuta chumvi nyingine. Nikaenda bafuni, nikafunga mlango, nikainama juu ya ndoo.

Harufu ndiyo iliyonizindua. Ilikuwa harufu ya pilau ya sikukuu. Nikachomoa kimsumari kimoja kutoka kwenye ndimu, nikakitia mdomoni. Karafuu. Nikachukua uzi mmoja wa zile nywele, nikaukausha kwa taulo, nikauchoma kwa kiberiti juu ya sinki. Nywele ya mtu ikiungua hunuka vibaya, kila mwanamke aliyewahi kutumia pasi ya nywele anajua. Hii ilinuka majani makavu. Zilikuwa ndevu za mahindi, zile tunazozitupa kila tukimenya.

Hapo nikaikumbuka Jumapili. Tulikuwa tunakunywa chai, na Gulbanu alikuwa akilalamika kuhusu mapambo ya ukumbini. "Plastiki tupu," alisema. "Kama ni lazima wapambe, si wapambe kwa vitu vya Mungu? Hakuna majani? Hakuna maboga?" Moraa alisikiliza, kisha akamwuliza ni harufu gani humkumbusha kwao. Gulbanu akamjibu: ndimu na karafuu.

Nilitoka bafuni karibu nikimbie. Nikamweleza yote. Nikamwekea ile karafuu kiganjani.

"Nani kakwambia wachawi hawatumii karafuu?" akauliza.

Mtu akishaogopa, mweleze mpaka koo likauke, hasikii. Alikuwa amepiga magoti mlangoni, akimwaga chumvi kwenye kizingiti, mstari mnene kutoka ukuta hadi ukuta. Juu ya chumvi akapanga pilipili nyekundu na ndimu alizozikata vipande vinne na kuzipaka manjano, kama mama yetu alivyofanya mara moja tu, mdogo wetu alipougua. Hasira zilinipanda.

"Nisikilize vizuri," nikamwambia. "Yule mwanamke akiiona hii atageuza. Binti yake atamfuata. Na mwanao atamfuata binti. Utabaki hapa na mimi, na chumvi yako."

Aliniangalia. Nikaona kwamba analijua hilo, na kwamba bado anaogopa. Nilimwonea huruma na kutaka kumzaba kofi kwa wakati mmoja. Nikaenda kuchukua ufagio, lakini nilipotoka nao lifti ilikuwa imeshalia, na mlango wetu ulikuwa wazi.

Alnasir alikuwa mbele, amebeba mkungu wa ndizi kwenye boksi, anacheka. Kwa kicheko kile nilijua hajausikia ujumbe. Nyuma yake Moraa, na nyuma ya Moraa mama mfupi aliyevaa kitenge na koti zito, mkoba kaukumbatia kifuani. Wote watatu wakasimama kwenye mstari wa chumvi.

"Mummy, pambo liko wapi?" Alnasir akauliza. "Moraa made it for you. Nimelitundika mwenyewe asubuhi, ulipokuwa jamatkhana. It was a surprise."

Mwanawe mwenyewe! Nilimwona Gulbanu akishika fremu ya mlango.

Moraa aliitazama chumvi, pilipili, ndimu za manjano. Kisha macho yake yakapita kando yangu hadi bafuni, mlango niliousahau wazi, na nikajua ameiona ndoo, na kibuyu chake kikielea ndani. Uso ulimbadilika. Ilikuwa ni kama mtu aliyeitwa jina la zamani, jina alilodhani ameliacha nchi nyingine.

"Moraa," mama yake akasema polepole. "Hii ni nini?"

Alnasir naye sasa alikuwa akimtazama mama yake, kicheko kimekwisha.

"Ni mapambo, Mama," Moraa akajibu. "Leo si Halloween? Hapa hawapendi plastiki, wanapamba na vitu vya jikoni. Karibu, ingia."

Akatangulia yeye, akairuka chumvi. Mama Moraa akainua pindo la kitenge chake, akairuka pia.

Tulikaa sebuleni. Nilileta chai na mandazi, yale yaliyoungua nikiyaficha chini. Mama Moraa akasifu chai. Moraa akasifu mandazi, lake likiwa limeng'atwa mara moja tu. Gulbanu alimimina na vikombe vikagongana, akamwaga kwenye visahani, hakufuta. Alikuwa anaokolewa na msichana aliyemwita mchawi, na kila andazi lililosifiwa lilimzidishia aibu. Mimi niliomba kimoyomoyo iishie hivyo. Uongo mdogo, harusi ifanyike, ujumbe wa simu nitaufuta mwenyewe.

Ndipo Alnasir akatoa simu mfukoni. "Mummy, ulinipigia?" Akabonyeza, akaipeleka sikioni.

"Iweke chini," Gulbanu akasema.

"Kuna message—"

"Iweke chini, mwanangu. Nitaisema mwenyewe."

Akageuka kumkabili Mama Moraa. Sijawahi kumwona dada yangu amekuwa mdogo kiasi kile.

"Si mapambo," akasema. "Ile chumvi nimeimwaga kwa ajili ya binti yako. Aliniletea zawadi, nikaona uchawi. Nikamwambia mwanangu awarudishe. Moraa amenisitiri tu."

Moraa aliinamisha kichwa, machozi yakamdondokea mapajani. Alnasir akasimama, akakaa, akasimama tena. Mama Moraa akaweka kikombe mezani, akakisukuma kidogo mbali na ukingo.

"Najua," akasema. "Nilijua lifti ikifunguka tu. Mama yangu aliwekewa chumvi kama hiyo, kutoka mlangoni hadi kwa njia. Majirani. Watu wa kanisa letu. Wiki iliyofuata walirudi na petroli." Akaukumbatia tena mkoba wake. "Ndiyo maana Moraa alikuja nchi hii akiwa mdogo. Hajui mengi. Nilimwambia nyanya yake aliugua akafa."

Moraa akainua uso, akamtazama mama yake kwa mdomo wazi.

Gulbanu alijifunika uso kwa mtandio. Nilisikia pumzi zake tu.

"Nimeivuka kwa sababu mtoto wangu ameniomba," Mama Moraa akaendelea, "na kwa sababu nilitaka kuona kama kuna mtu wa nyumba hii atasema ukweli. Umesema. Lakini wakati wa kutoka sitaivuka tena. Fagia kwanza, dada. Halafu tuzungumze harusi."

Nilisimama, nikaenda kuuchukua ufagio. Gulbanu akauchukua mkononi mwangu. Alikwenda mlangoni, akapiga magoti, magoti yale yale yanayomuuma kila kukicha, akaanza na pembe ya mbali. Chumvi iliyoingia kwenye nyufa za kizingiti aliitoa kwa ncha ya kidole.