Chupa Mbili za Tumbaku

"Mama, hiyo chupa ina dawa au ina jini?"

Jirani wa mlango wa pili aliniuliza hivyo siku moja, aliponikuta nimefungua kabati la jikoni, nikiifuta chupa vumbi kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga.

"Ina tumbaku," nikamjibu.

"Wewe? Na sala zako zote hizo?"

Ilikuwa tumbaku ya kiko ya marehemu mume wangu. Moshi sikuutaka ndani ya nyumba, na yeye alilijua hilo tangu uchumba. Kuvuta alivutia nje, kuhifadhi akahifadhi ndani. Hatukugombana.

Aliyegombana naye ni mdogo wake, fundi saa. Hao wawili wangeweza kubishana jua linachomoza upande gani. Marehemu alisema tumbaku ishindiliwe kwenye chupa ya kioo, kifuniko kikazwe, kizungushiwe nta, kisha iachwe gizani miaka mitano mpaka ikomae. Usiiguse, usiichungulie.

"Kitu kisichopumua kinaoza, kaka!" fundi saa akapinga. Yeye alitaka ifunguliwe kila mwezi, ipate hewa.

Basi wakanunua tumbaku moja, wakaigawa, kila mmoja akajaza chupa yake. Atakayeshindwa atamke mbele ya mwenzake: "Umenishinda." Neno hilo hakuna kati yao aliyewahi kulitamka tangu kuzaliwa.

Marehemu akatangulia kabla ya muda kutimia. Kwenye nta ilibaki alama ya gumba lake, pale alipoibonyeza ikiwa bado ya moto, akapiga kelele mpaka nikacheka. Ndiyo maana sikutaka ifunguliwe. Nguo zake niligawa, viatu niligawa. Gumba lile lilikuwa langu.

Shemeji akaanza safari zake. "Nimekuja kukusalimia tu, shemeji," na macho yanalisalimia kabati.

Siku nyingine: "Mbona jikoni kunanuka uvundo?"

"Ni vitunguu."

"Nikusaidie kupanga kabati?" Mwanamume ambaye ufagio anaujua kwa kuuona!

Muda ulipotimia akaja na chupa yake kwapani.

"Shemeji, leo ndiyo leo. Tufungue."

"Sifungui."

"Haya. Anayekimbia mtihani amefeli. Nitawaambia watu kaka alishindwa."

Hapo akanipata. Kifo marehemu alikipokea kwa utulivu, nilikuwepo. Hilo la kushindwa na mdogo wake asingelipokea hata kwa kubembelezwa na malaika. Na mimi ndiye niliyebaki kumtetea.

Nikasali sala fupi, nikachukua kisu. Nilijitahidi kulizunguka gumba, taratibu, nimezuia pumzi. Lakini nta kavu haina huruma. Ikakatika vipande vipande, ikamwagika mezani.

Nikakishika kifuniko kwa kitambaa, nikakizungusha. Kikaguna, kikaachia. Harufu ikatoka, tamu, nzito, kama zabibu kavu na ngozi ya kiti cha zamani, ikajaa jikoni kote. Ilikuwa harufu ya kola ya shati lake jioni. Nikavuta kiti nikakaa. Tumbaku ilikuwa nyeusi, laini, inashikana vidoleni.

"Haya, lete yako," nikamwambia shemeji.

Akafungua. Ilichakarisha kama makapi. Akaichota kidogo, ikageuka vumbi mkononi.

"Ilikuwa inapumua vizuri kabisa," akasema.

"Naona. Imepumua mpaka ikakata roho."

"Hii ya kaka ina unyevunyevu kidogo."

"Shemeji, sema."

"Niseme nini?"

"Neno moja tu. Mimi nimevunja nta yangu, na wewe sasa ni zamu yako."

Akakohoa. Akaangalia dari. Akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Niliona kabisa neno linapanda, linafika kooni, linakwama kama mwiba wa samaki. Mimi nimekunja mikono, namngoja. Sikuwa na haraka. Chakula kilikuwa kimeshaiva.

Mwishowe akatoa kiko mfukoni. Chupa yake akaisukuma pembeni. Akachota tumbaku ya kaka yake, akaijaza polepole, akaishindilia, akaijaza tena mpaka juu.

Nikamwonyesha mlango kwa kidole, maana moshi ndani ni marufuku hata kwa mwenye majonzi.

Akavaa kofia yake, akatoka kwenda kuivutia nje, kama kaka yake.