Mkono wa Kinyozi

Kinyozi alikuwa ameitazama picha ile mara nyingi mno, hata akaijua kama anavyojua kisogo cha mteja wa kila wiki, na bado hakujua kama mkono ule ulisukuma au haukusukuma. Hilo ndilo lililomnyima raha. Mkono ulikuwa wake. Ulitoka kwenye bega lake, ulishika mashine yake ya kunyolea, na kila asubuhi aliunawisha kwenye beseni lake mwenyewe. Inakuwaje mtu asijue mkono wake ulifanya nini?

Picha yenyewe ilitoka kwenye kamera ya ulinzi iliyofungwa kwenye kona ya dari, baada ya mtu asiyejulikana kuondoka na mashine mpya. Aliyeifunga alikuwa fundi simu wa mlango wa pili. Mtaa mzima ulimwita Marudio, kwa sababu kila habari aliisimulia mara mbili, na ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza. Kamera haikuchukua sauti. Siku ya fainali iliona kila kitu na haikusikia chochote.

Siku hiyo kinyozi alikuwa upande wa timu ya Milia, kama alivyokuwa tangu utoto wake. Shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi cherehani mwenye duka la suti mtaa wa nyuma, alikuwa upande wa Bluu. Wawili hao walikuwa chanda na pete, ila mpira ukianza tu, chanda kilishika njia yake na pete yake. Kwenye runinga ya kinyozi dakika zilikuwa zinayoyoma, hakuna aliyefunga. Mpira ukapigwa golini, beki wa Bluu akaruka, ukamgusa mkononi. Mwamuzi akaambiwa jambo sikioni, akakimbilia kile kiruninga cha VAR cha pembeni ya uwanja, akatazama, akatazama tena polepole, akarudi akichora mraba hewani kwa vidole. Penalti!

Duka zima likasimama. Katika kusimama huko fundi cherehani akaporomoka kutoka kwenye stuli yake, mkono wa kulia ukagonga ukingo wa beseni, kifundo kikateguka. Ulikuwa ndio mkono wake wa mkasi.

"Umenisukuma!" alisema alipoinuliwa.

"Nani? Mimi?"

"Wewe, shemeji. Kiganja chako nimekisikia hapa, katikati ya mabega."

Tangu hapo hakukanyaga tena pale dukani. Hakudai kitu. Alitaka asikie neno moja tu, "nilikusukuma," basi yaishe. Kinyozi naye hakuwa mtu wa kutamka asilolijua. Mkewe akabaki katikati, akipeleka huku na huko salamu ambazo hakuna aliyezituma.

Siku moja kinyozi alikuwa akifagia nywele mlangoni, shemeji akapita ng'ambo ya barabara, kichwa kimenyolewa na mtu mwingine. Mstari wa mbele ulianza vizuri juu ya jicho la kushoto, kisha ukapanda, ukapanda, kama mtu anayetafuta paa. Kinyozi alisimama na ufagio wake, mdomo wazi. Kama angetukanwa hadharani asingeumia vile.

Jumapili moja mchana, mashabiki wa kila wiki wakiwa wamejipanga kwenye benchi kusubiri mechi ianze, mkewe aliingia. Nyuma yake alikuwa kaka yake, kofia imevutwa hadi kwenye nyusi, kifundo cha mkono bado kimefungwa bandeji.

"Baba watoto, mimi nimechoka," mkewe alisema. "Huyu ananiambia umemsukuma, wewe unaniambia hujui. Na picha ipo. Leo mtaitazama wote wawili, hapa hapa, mbele ya watu."

"Marejeo ya VAR!" Marudio alidakia, akaruka kutoka kwenye benchi. Mara moja alikuwa ameunganisha simu yake na runinga kwa waya, maana kazi kama hiyo alikuwa akiiota.

Kinyozi alimsogezea stuli. "Karibu, shemeji."

"Nimekaribia," fundi alijibu, akabaki amesimama.

Picha ikaanza. Lilikuwa duka lao, limeonekana kutoka juu, vichwa vyote kama viazi kwenye kapu. Kwenye kiti alikaa mteja aliyenyolewa nusu, kitambaa shingoni. Ghafla watu wote wakasimama, na fundi akatoweka.

"Hakuna kitu hapo," alisema mmoja kwenye benchi.

"Kipo. Rudisha," jirani yake alibisha.

"Rudisha polepole," fundi cherehani alisema.

Marudio akairudisha polepole. Sasa mkono wa kinyozi ulionekana ukitoka begani, taratibu, kiganja wazi, ukisafiri hewani bila haraka, hadi ukafika kwenye mgongo wa shemeji. Ukatulia hapo. Kisha mgongo ukaondoka. Kwa mwendo ule, mtu angeapa kwamba kinyozi alilipanga jambo hilo tangu jana yake.

"Kadi nyekundu!" benchi lilipiga kelele.

"Ngojeni kwanza," kinyozi alisema, damu imempanda usoni. "Nilikuwa nainuka. Mtu akiinuka kwa ghafla, mikono inakwenda wapi? Inakwenda inakokwenda! Mlitaka niinuke nimeitia mfukoni?"

"Mkono ni mkono," fundi alijibu. "Nia yako mimi hainihusu. Picha imesema umegusa, basi umegusa."

"Ukiitazama polepole kila kitu kinakuwa cha makusudi, shemeji! Hata mtu akipiga chafya ataonekana ana njama. Hebu iendeshwe mwendo wake."

"Mwamuzi anatazama polepole. Wewe ni nani usitazamwe polepole?"

Marudio aliangua kicheko. Alicheka hadi akashika ukingo wa beseni asije akaanguka naye.

"Nini wewe?" wote wawili walimuuliza kwa pamoja.

"Jamani, hamjisikii? Siku ya fainali, wewe kinyozi, ulisema nini juu ya yule beki? Ulisema mkono ni mkono, nia haituhusu, picha imeshasema. Na wewe fundi ukabisha, mtu haruki mikono ikiwa mfukoni, tena ukasema polepole ni uongo mtupu. Nilikuwa nimekaa hapa hapa! Leo mmebadilishana jezi!"

Benchi likachangamka kwa vicheko. Kinyozi hakucheka. Alikuwa akijaribu kukumbuka, na alikumbuka vizuri sana. Maneno yale aliyasema kwa moyo wake wote siku ile, na haya ya leo ameyasema kwa moyo huo huo, na yote mawili yalimtoka yakiwa na ladha ya ukweli. Sasa yule mwamuzi, maskini, kule kwenye kile kiruninga chake, aliona nini hasa? Aliona mkono, au aliona alichokwenda kukitafuta? Kinyozi angependa kumuuliza mtu, lakini hakukuwa na wa kumuuliza. Kila aliyekuwepo alikuwa na timu.

Hapana, mmoja hakuwa nayo. Mkewe alikuwa ameegemea mlango, mkoba bado begani, anaitazama runinga kwa makini.

"Mbona kila mara mnaisimamisha hapo?" aliuliza.

"Hapo ndipo tukio lilipo, dada," Marudio alimweleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgeni. "Kugusana kukiisha, tukio limeisha."

"Limeisha kwa nani? Kaka yangu bado yuko chini. Endesha."

Kinyozi akashtuka. Mara zote alizoitazama picha ile, peke yake, mlango umefungwa, alifika pale mgongo unapoondoka, akarudisha nyuma. Hakuwahi hata mara moja kuiacha iendelee. Akajikuta na yeye anataka kujua.

"Endesha," alisema.

Picha ikaendelea, mwendo wake wa kawaida. Fundi cherehani alikuwa sakafuni kati ya stuli na beseni. Kinyozi alikuwa anacheza, mikono juu. Alizunguka, akamkumbatia huyu, akamkumbatia yule, akaruka mguu wa shemeji yake kama mtu arukaye dimbwi, akaendelea kucheza, mgongo umeelekea huko. Yule mteja aliyenyolewa nusu ndiye aliyeteremka kwenye kiti, kitambaa kikining'inia, akainama kumpa mkono aliyeanguka. Baada ya hapo ndipo kinyozi alipogeuka, na ingawa hapakuwa na sauti, midomo yake ilisomeka wazi: Nani? Mimi?

Hakuna aliyesema kadi nyekundu.

"Hivyo ndivyo nilivyoona mimi kutoka chini," fundi alisema taratibu, macho bado kwenye runinga. "Visigino vyako. Mkono, nikisema kweli, sina hakika nao. Huenda ni wako, huenda ni stuli iliyonitupa, miguu yake haijawahi kulingana. Lakini visigino niliviona vizuri."

"Ungeniambia visigino, shemeji."

"Mtu mzima ataanzaje kulalamikia visigino?"

Marudio, ambaye kunyamaza kulikuwa kukimwasha mwili mzima, akakohoa. "Samahani. Naomba kurudisha kidogo. Hapa. Fundi, hebu jitazame."

Wakasogea wote mbele. Sakafuni, fundi cherehani alikuwa ameinua ule mkono mzima wa kushoto, kidole kimeelekezwa kwenye runinga ya ukutani, mdomo unakwenda kama cherehani yake. Alikuwa anabishana na mwamuzi. Alibishana hadi mpiga penalti akarudi nyuma, akakimbia, akapiga. Bao lilipoingia ndipo alipoushika mkono uliogonga beseni na kuanza kuumwa.

"Ulikuwa unamwambia nani huko chini?" Marudio aliuliza.

"Nilikuwa nadai haki," fundi alisema, na midomo yake ikamsaliti. Alicheka kidogo, kisha zaidi, na benchi likapata ruhusa.

Kinyozi alingoja kicheko kipite.

"Shemeji," alisema, "mkono sijui. Ningejua ningesema, na ningesema siku ile ile. Lakini visigino ni vyangu. Ulikuwa chini, mimi nikakuruka kama gogo, nikaenda kucheza. Nisamehe."

Fundi alikitazama kifundo chake, akakizungusha polepole ndani ya bandeji.

"La mkono bado liko mezani," alisema.

"Liache mezani."

"Sijalifuta."

"Usilifute."

Basi fundi akavua kofia. Dada yake, pale mlangoni, aliziba mdomo kwa kiganja. Ule mstari, kwa karibu, ulikuwa mbaya kuliko kinyozi alivyouona kutoka ng'ambo ya barabara.

"Kirekebishe hiki," fundi alisema, akikaa kwenye kiti, "kabla wateja wangu hawajaanza kuogopa kwamba na suti nazikata hivi."

Kinyozi alimfunga kitambaa shingoni, akatikisa brashi, akakisoma kichwa kile kwa vidole kabla ya kuwasha mashine. Marudio alichomoa waya, mechi ya siku hiyo ikachukua nafasi yake ukutani. Mke wa kinyozi hakuondoka. Alisogeza watu kwenye benchi akakaa, akauliza yule mwenye kibendera anawezaje kuwatazama watu wawili kwa mpigo, mmoja anayepiga na mwingine anayekimbia, na benchi zima likajibu kwa pamoja, kila mtu lake.

Kinyozi alikuwa ameshafika kisogoni, ameshika wembe, shemeji ameinamisha kichwa kidevu kikigusa kifua, ndipo duka lilipolipuka. Benchi lilisimama. Mwamuzi alikuwa anakimbilia kiruninga cha pembeni.

"Penalti! Anatoa penalti!"

"Hatoi!"

"Mtazame, anarudi, mtazame!"

"Shemeji," fundi alisema kutoka kifuani kwake, bila kuthubutu kusogea, "ameamua nini?"

Kinyozi alikuwa ameweka kiganja cha kushoto katikati ya mabega ya shemeji yake ili amtulize, na macho yake yalikuwa kwenye ule unywele wa mwisho chini ya sikio.

"Sijui," alisema. "Sijatazama."