Ubeti wa Nne

Mume wangu Yahaya alipenda wanawake watatu kabla yangu, na Tabora nzima iliwajua kwa majina, maana aliwatungia wimbo. Siku za kazi alikuwa fundi cherehani barazani kwetu, mtaa wa Ng'ambo. Jumamosi alipiga gitaa la solo katika bendi ya Mafundi Jazz. Wimbo wenyewe ulikwenda pole pole kama treni ya mizigo, na kila mwanamke alikuwa na kituo chake: Tatu wa Kwihara, Koleta wa Usoke, Nyamizi wa Bukene. Nyamizi aliimbwa hivi:

Nyamizi wa Bukene, honi ililia,
Nilikupa moyo, ukanipa karanga,
Nimezila, Nyamizi, njaa haijaisha.

Hapo kwenye karanga ukumbi mzima ulikuwa ukinyamaza. Mume wa Koleta, mkulima wa tumbaku, mtu mzima na ndevu zake, alipanda treni kutoka Usoke kuja kusikia mkewe akitajwa, kisha akawanunulia wapiga vyombo soda. Mimi nilikuwa nakaa viti vya nyuma, nina miaka kumi na moja ya ndoa, sitajwi hata kwenye kiitikio.

Wanawake wa sokoni hawana huruma. Huku wanapima dagaa wananiuliza, na wewe Swaumu ni wa kituo gani? Siku moja nilirudi nyumbani nimevimba, nikamwambia Yahaya nataka ubeti wa nne. Hakuacha hata kukanyaga cherehani. Akasema wimbo ule ni wa waliopita, na mimi nipo, na yeye hasemi uongo ndani ya wimbo. Nje ya wimbo alikuwa anausema vizuri tu, waulizeni wateja walioahidiwa suruali za Idi.

"Kwa hiyo nikipita nitaimbwa?" nikamwuliza.

Akasema ndiyo, nikipita.

Huo ulikuwa mwaka wa sabini na nne. Wiki hiyo hiyo Bwana Bundala, ofisa utamaduni wa mkoa, alitangaza kwamba gari la kurekodi la redio litafika baada ya siku ishirini. Alikuwa na ombi moja tu kwa Yahaya. Operesheni ya vijiji ilikuwa imewahamisha kina Nyamizi kutoka Bukene kwenda kijiji cha ujamaa, basi ingefaa na wimbo umhamishe. Yahaya akakataa, akasema huko kijijini hakumpendea. Bwana Bundala akaandika kwenye faili kwamba mtunzi ana msimamo.

Mimi nikaona wimbo ukishaingia kwenye kanda ndiyo basi, nimeachwa nje maisha. Nikamsumbua siku nne mfululizo, asubuhi na mchana. Siku ya tano, tonge la ugali mkononi, mlenda ukimchuruzika kidoleni, akasema, "Swaumu, nimekuacha talaka moja." Kisha akalila lile tonge.

Tulikuwa tumepatana, msinielewe vibaya. Talaka moja ina rejea, mume anamrudisha mkewe kwa neno tu, ila eda ikishaisha haiwezekani tena mpaka ndoa mpya. Ningekaa eda humo humo nyumbani, twahara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi mpaka hedhi ya mwisho ianze, kama miezi mitatu hivi. Gari lingekuja, angeniimba, na kabla eda haijaisha angetamka kwamba amenirejea, na mambo yangeishia hapo. Baba yangu mdogo, Sheikh Abbasi, alipopata habari aliiacha chai yake mpaka ikapoa. Akasema sheria ya Mungu haikuwekwa kwa ajili ya magitaa, lakini neno likishatoka limetoka, na sasa tuheshimu mipaka. Yahaya akahamia barazani, akawa analala chini ya meza ya kukatia nguo. Asubuhi tunaamkiana kama wapangaji.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Masele, naye akaja na shida yake. Sukari ilikuwa ya mgao, kila kaya na fungu lake, na hakujua atuweke wapi. Akakuna kichwa, akaamua kwamba kuanzia leo sisi ni kaya mbili. Sijapata kunywa chai tamu kama ile ya kuachwa.

Gari ndilo lililotuponza. Siku ishirini zikapita, tukaambiwa liko Dodoma linarekodi ngoma za vijiji vipya. Mwezi uliofuata tukaambiwa limekosa petroli, halafu limevunjika springi. Sasa, hesabu ya eda anaijua mwanamke mwenyewe, na neno lake ndilo linalokubaliwa. Kwa hiyo mwili wangu ukawa shughuli ya mkoa. Lugembe, mpiga besi, alikuwa akipita na baiskeli ananiuliza, shemeji, tunaendeleaje? Bwana Bundala, Mkristo wa Nzega mwenye adabu zake, alisimama mlangoni akiangalia bati la paa, akaniuliza kama ratiba iko vile vile. Nikamwambia imebaki twahara moja. Akakimbilia posta, akapeleka simu ya maandishi: LETENI GARI. EDA YA MWIMBWAJI INAKARIBIA MWISHO. Dar es Salaam wakajibu: ELEZENI EDA NI SHIRIKA LA NANI. Ilibidi aandike barua ya kurasa mbili.

Yahaya naye hakuwa na raha. Mtu alikuwa amemweleza kwamba mke aliye katika eda ya rejea bado ni nusu mke, hata mmoja akifa mwenzake anarithi. Akanijia na pini mdomoni, akasema ubeti wangu uko tayari, lakini anaona atakuwa anaimba nusu uongo. Nilipomwomba nisikie japo mstari mmoja, akakataa. Akaongeza kwamba gari lisipofika mpaka siku ya mwisho, atanirejea na ubeti atauchana, maana mimi si mtu wa kuchezea. Mwanamke mwenye akili angefurahi kuambiwa hivyo. Mimi nilinuna siku mbili.

Hatimaye ikaja simu kwamba gari litafika Alhamisi. Eda yangu ikaisha Jumatatu.

Nilijua mimi na Mungu wangu. Jumapili Yahaya aliniuliza, na siku zangu huwa sizikosei, nikamwambia bado. Ningesema kesho ndiyo mwisho, angenirejea pale pale na ubeti ungekwenda jalalani. Jumanne akauliza tena, nikamwambia bado. Nilijipa moyo kwamba ni siku tatu tu. Nikisikia adhana nilikuwa naharakisha hatua, kama mtu anayempita mdai wake njiani.

Alhamisi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Fundi mitambo wa redio, mtu aliyechoka na vumbi la Itigi, akatuonya kwamba atakayekohoa atarudisha nyuma kazi ya taifa. Yahaya akamwimba Tatu, akamwimba Koleta, mume wa Koleta akafuta machozi, zikaja karanga. Kisha akafumba macho:

Swaumu wa nyumbani, hakuwa na kituo,
Alikula ukoko, akanipa wali,
Nilikula, sikuuliza kama ameshiba.
Leo sufuria yote yangu, na koo limefunga.

Miaka kumi na moja nilikuwa namwambia napenda ukoko, nikidhani ameamini. Kumbe aliona. Nilifurahi mpaka kifua kikauma, na papo hapo nikaogopa, kwa sababu aliniimba kama mtu aliyezikwa, na hakukosea. Sikuwa mke wake. Nilikuwa nimejitoa mwenyewe kwa mikono yangu, kwa mistari minne.

Fundi mitambo alipoinua mkono kwamba amemaliza, Yahaya aliweka gitaa chini, akaja mpaka nilipokaa, akasema mbele ya watu wote, "Swaumu, nimekurejea." Wakapiga makofi. Bwana Bundala akajifuta jasho la miezi mitatu.

Kunyamaza tu kulitosha. Hakuna binadamu ambaye angejua. Ningerudi nyumbani kupika, na ningelala na mwanamume asiye mume wangu mpaka siku ya kufa.

"Umechelewa," nikamwambia. "Eda iliisha Jumatatu."

Makofi yakakatika. Nikamtazama usoni nione hasira, au msiba, au chochote anachostahili mwanamke aliyepotea. Nilichokiona kilikuwa nafuu.

"Kumbe sikuimba uongo," akasema.

Nilivua ndara nikampiga nayo begani. Hapo ndipo maana ilipomfikia. Akakaa sakafuni kati ya nyaya za redio, akaomba maji.

Alinichumbia upya kama kijana. Sheikh Abbasi akawazungusha washenga wake mwezi mzima, kwa makusudi kabisa. Mahari nilitaka ubeti mmoja wa mke aliyepo. Yahaya akajifungia wiki tatu, akatoka na karatasi nyeupe, akasema maneno hayamjii mtu akiwa amekaa mbele yake. Basi nikachukua cherehani. Tukafunga ndoa siku ya Ijumaa, na tangu siku hiyo anashonea mali yangu.

Wimbo wanaupiga redioni kila Jumapili mchana, na nchi nzima inanihurumia. Nimepata barua za pole hata kutoka Kigoma. Nyumbani Yahaya husikiliza beti tatu akitikisa kichwa, na wa nne ukikaribia huzima redio, maana nimerudi, na ubeti ule sasa si kweli. Nimemsihi, nimemgombeza, hasikii. Kwa hiyo karanga zikianza tu najifunga kanga, natoka mbio kwenda kwa jirani yangu Mama Ng'washi, nasimama jikoni kwake nasikiliza ninavyopendwa. Nalia pale. Kisha narudi nyumbani, nampakulia mume wangu wali, mimi nakwangua ukoko. Anakula mpaka anamaliza. Hajaniuliza kama nimeshiba.