Koki ya Juu

Usiku wa kuamkia leo niliota nyoka amepanda mgongoni mwangu na koki ya juu iko wazi. Akitokea pale, nakufa. Hilo ndilo lilikuwa tatizo, na nilijiletea mwenyewe.

Mimi ni fundi bomba hapa Tabora. Mwaka jana nilianguka kutoka kwenye mnara wa tangi, na tangu siku hiyo mguu wa kulia umekufa ganzi. Nautembeza kama mtu anayekokota baiskeli iliyopasuka gurudumu. Hospitali walisema mazoezi na subira. Basi nikanunua vitabu viwili vya yoga kwenye mitumba karibu na stendi. Kimoja kinene, maneno matupu. Kingine chembamba, michoro mitupu, na juu kimeandikwa "Kwa Waliohitimu". Nikaona hicho kinanihusu. Mabomba nimehitimu zamani.

Mchoro ulionyesha mtu amekaa, miguu imekunjwa. Chini ya uti wa mgongo amelala nyoka, amejiviringisha kama mpira wa kumwagilia bustani. Kutoka hapo bomba linapanda mpaka utosini, na njiani kuna koki. Nyoka akiamka anapanda na moto wake, na kila anapopita panapata joto. Nikasema, huu ni mfumo wa maji ya moto. Cha kusoma hapo ni nini?

Na fundi yeyote anajua kwamba bomba lililokaa muda mrefu bila maji unaanza kwa kufungua koki ya juu kabisa, hewa itoke. Kwa hiyo nilianzia utosini. Kila siku nakaa mkekani, natoa hewa.

"Baba Shija," mke wangu Kalunde aliniuliza jana jioni, "kile kitabu kinene umekifungua?"

"Nikifungue cha nini? Michoro ninayo."

"Ndiyo shida ya kuishia darasa la tano. Ukipasuka usiniite."

"Nikipasuka nitaita fundi."

Akacheka, akageukia ukutani. Nikalala.

Niko ndani ya mtaro. Ni mtaro kama ninaouchimba kila siku, ila kuta zake ni nyama na zinapumua. Katikati linapita bomba la mfupa. Nimevaa ovaroli na kandambili. Sishangai.

Pale bomba linapoanzia amekaa tembo mwenye mikonga saba, amekalia mita ya maji. Anaisoma kwa mkonga mmoja. Ile mingine imeshikana kama watu msibani.

"Umechelewa," anasema. "Ameshapita."

"Nani?"

"Mpangaji. Amepita wakati unatoa hewa. Ukifungua juu, chini panavutwa. Wewe si fundi?"

Nyuma yake, mahali nyoka alipokuwa amelala, imebaki ngozi tupu. Imekunjwa vizuri, kama nguo ya mtu aliyehama.

Ninakimbia. Mtaro unasimama wima na kuwa ngazi ya chuma. Ni ngazi ya ule mnara ulioniangusha. Ninapanda, mguu wa kulia unanifuata nyuma kama mzigo. Mbele yangu kuna mamba, ameweka beseni kwenye kidato, anafua.

"Pole na msiba," anasema.

"Msiba wa nani?"

"Sijatajiwa jina. Nimeambiwa tu nifue shuka nyeupe."

Anaikamua taratibu. Ninampita bila kuaga.

Kidato kinachofuata ni jikoni kwetu. Kalunde amekaa kwenye kigoda, amenipa mgongo. Mkaa upo, kiberiti kipo, lakini moto hauwaki. Kila anapowasha, mwali unachomoka na kuruka juu, unapotelea darini.

"Nyumba imepoa," anasema bila kugeuka. "Joto lote limepanda. Utarudi saa ngapi?"

"Nakwenda kufunga koki tu."

"Hata yule marehemu alisema hivyo."

Simuulizi marehemu yupi. Ninapanda.

Juu ni paa la tangi, na ninalitambua. Ni kichwa changu. Hakuna nyota wala upepo. Katikati kuna tundu, na nyoka ameshatoa kichwa nje, anaangalia huku na huku kama mtu anayekagua chumba cha kupanga. Pembeni kimekaa kile kitabu kinene, kimefunguka ukurasa wa kwanza.

"Sura ya kwanza," kinasema. "Usiguse koki ya juu."

"Ungeniambia."

"Nimelala chini ya kitanda chako nikikuambia. Ulinifunika na sufuria."

Nyoka ananigeukia. Ana adabu. "Shikamoo, fundi. Nilikuwa natoka."

"Marahaba. Rudi chini."

"Nikitoka, mwenye nyumba naye hakai. Si ubaya, ndio utaratibu. Lakini palipozibwa sipiti. Ziba, nitarudi."

Ninashika koki, ninaikaza. Meno ya koki yamelika. Inazunguka bure, inavuja, na nyoka anavuja pamoja nayo, pingili kwa pingili. Koki ya namna hiyo haishiki bila kuzungushiwa nyuzi za katani kwenye meno. Ninajipapasa mifukoni. Katani hakuna, tepu hakuna.

"Katani iko ndani," kitabu kinasema. "Vuta."

Ninaingiza vidole kwenye tundu la kichwa changu mwenyewe. Ninagusa nyuzi. Ninavuta mmoja, ninaulamba. Ni chumvi, chumvi yote niliyowahi kula, mpaka ile ya embe bichi la utotoni. Ninauzungusha kwenye meno ya koki, ninakaza. Bado inavuja.

Ninavuta wa pili. Una harufu ya mvua ya kwanza ikipiga vumbi. Ninauzungusha. Maji yanapungua, nyoka anapunguza mwendo, lakini hajasimama.

"Bado mmoja tu," kitabu kinasema.

Wa tatu ni mrefu, una rangi nyekundu, na unapovutwa unatoa sauti. Ni mama, aliyefariki zamani, ananiita nirudi nyumbani jioni. Ananiita kwa lile jina alilonipa yeye, ambalo hakulitumia mtu mwingine yeyote.

"Huu hapana," nasema.

"Basi," anasema nyoka kwa upole, na kiwiliwili chake kinaendelea kutoka.

Kutoka chini, mamba anapaza sauti: "Shuka imekauka!"

Ninaizungusha sauti ya mama kwenye koki, kuelekea kulia, kama inavyotakiwa. Kila mzunguko inasikika kwa mbali zaidi. Ninakaza kwa spana. Tone la mwisho linaning'inia, kisha halidondoki.

Nyoka anarudi ndani. Ninamsikia akishuka, jikoni, kwa mamba, kwa tembo. Kwenye nyonga ya kulia anasimama.

"Huku kuna mtu amelala," anasema. Anaingia mguuni na moto wake.

Nilipiga kelele, nikaamka. Kumekucha. Mguu wa kulia ulikuwa umening'inia nje ya kitanda, unyayo sakafuni, na sakafu ilikuwa ya baridi.

"Kalunde! Sakafu ya baridi!"

"Lini imekuwa ya moto?"

"Mguu wa kulia, mwanamke!"

Akaufinya. Nikaruka. Akacheka huku analia, akanishika kichwa kwa mikono miwili. Akachomoa kitu utosini mwangu, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa uzi wa katani, mwekundu.

"Katani si uliacha kutumia siku nyingi?"

"Niliacha."

Akaniletea mayai. Nikatia chumvi, nikaongeza, nikaongeza tena. Kalunde akaonja kutoka sahani yangu, akakimbilia nje kutema.

Akabaki huko mlangoni, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza. Jirani yetu Maganga naye alisimama kwake, amefumba macho, pua juu. "Fundi, njoo unuse hiyo!" akaita. Nikaenda kwa miguu yangu miwili. Nikavuta pumzi. Nikamwambia ni nzuri.

Mguu nimeupata. Chumvi imekwenda. Harufu ya mvua imekwenda. Mama ninamwona bado akilini, amesimama mlangoni, mkono kiunoni, mdomo unafunguka na kufungika bila sauti. Lile jina silijui tena, na mtu wa kumuuliza hayupo.