Koki Imefungwa

Mkunga alizamisha kiwiko ndani ya beseni, akakitoa, akakipangusa kwa taulo taratibu kama mtu anayefuta miwani.

"Maji haya ni ya mtoto mchanga," alisema. "Mimi nimeshazaliwa."

Hukumu hiyo haikuwa na rufaa. Tangu ujana wake mpaka kustaafu, mama huyo alikuwa amepima maji ya vichanga wa watu kwa kiwiko hichohicho, na kiwiko hakijui upendeleo. Kikisema vuguvugu, ni vuguvugu, hata kama maji yameletwa na binti wa kumzaa mwenyewe, ndani ya nyumba aliyoijenga mkwe wake kwa mikono yake.

Nyumba yenyewe ilikuwa na magurudumu. Zamani lilikuwa basi dogo la shule. Mkwe, ambaye kila mtu alimwita Dereva kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona mbali na usukani, alilinunua likiwa gofu. Aking'oa kiti, anaweka kabati. Aking'oa kingine, anaweka jiko. Mwisho likawa na kitanda nyuma, kingine cha kukunja mbele, na bafu la mtu mmoja, tena mtu asiyependa kujinyoosha. Wakaliita Kobe, kwa sababu lilibeba nyumba yake na halikuwa na haraka na mtu. Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikazwa kwa bolti kwenye meza iliyo karibu na dirisha, na wawili hao walizunguka kutoka gulio hadi gulio, mke akishona mapazia na foronya, mume akiendesha, akibeba, na kuwashauri wateja kuhusu rangi bila kuombwa.

Siku hiyo walikuwa wameegesha nyuma ya kituo cha mafuta, kwenye uwanja wa changarawe wanapopumzika madereva wa malori. Mvua ilikuwa imekatika baada ya chakula cha mchana, lakini baridi yake ilibaki, kama mgeni aliyeaga na bado amekaa.

"Mimi sina neno na gari lenu," mama aliendelea, akakaa kwenye ukingo wa kitanda na kuyasugua magoti. "Kitanda kizuri. Chakula kizuri. Hata kukoroma kwa mkwe wangu nimekuzoea."

"Mama, jamani!" Dereva akalalama.

"Nakusifu, baba. Una mapafu. Neno langu ni maji tu. Baridi yabisi haibembelezwi kwa vuguvugu. Jioni hii nikioga mifupa ikalainika, naendelea na safari nanyi mpaka mvua ziishe. Isipolainika, kesho mwanangu anakuja kunichukua, nakwenda kukaa kwake. Na nisione mtu amenuna."

Mwanawe huyo, kaka mkubwa wa Mshonaji, alikuwa fundi bomba mjini. Alikuwa amemwandalia mama chumba, akakipaka rangi, na bafu lake lilikuwa na vigae na maji ya moto ya kumtoa kuku manyoya. Hakuwa na ubaya. Kila mtoto hutaka mama akae kwake.

Lakini Mshonaji alitaka pia, na alitaka kuliko alivyoweza kusema. Aliondoka nyumbani kwenda shule ya bweni, kutoka bweni akaenda kujifunza ushonaji, kutoka ushonaji akaolewa. Tangu hapo mama alikuwa mtu wa kuagana naye langoni, mkono hewani, gari likiondoka. Sasa kwa mara ya kwanza gari lilikuwa limeondoka na mama akiwa ndani. Je, amrudishe kwa sababu ya beseni la maji?

"Twende," alimwambia mumewe. "Hita hiyo itatueleza ina ugonjwa gani."

Walitoka nje. Dereva akafungua kidirisha cha bati ubavuni mwa Kobe, mahali alipoiweka hita: tangi la mviringo lililolala kifudifudi, na chini yake moto wa gesi. Aliutikisa mtungi, ulikuwa mzito. Aliwasha, moto ukashika papo hapo. Mkewe akampa sindano nyembamba kutoka kwenye kola ya blauzi yake, naye akakizibua kitundu cha gesi ingawa hakikuwa kimeziba. Pampu ya maji nayo ilikuwa inanguruma vizuri chini ya sakafu.

"Mgonjwa hana homa, hana kikohozi," Dereva alisema, "lakini hawezi kuinuka."

"Mpigie kaka."

"Kaka yako ana faida akishindwa kunisaidia."

"Mpigie, bwana."

Akapiga, akaweka simu kwenye spika juu ya gurudumu.

"Shemeji!" sauti ya kaka ikatoka imejaa mwangwi, kama mtu aliyeingiza kichwa ndani ya tangi, na huenda alikuwa amekiingiza kweli. "Moto una rangi gani?"

"Buluu."

"Safi. Tangi ukiligusa?"

"Sithubutu. Limechemka."

"Basi hita ni nzima. Tatizo ni maji yanakopita. Ile koki ya njia ya mkato, niliyokuelekeza siku ile ulipokuwa unasafisha tangi. Umeifunga?"

Dereva akatazama mbingu. Njia ya mkato ilikuwa kibomba kifupi kilichounganisha bomba la maji baridi na bomba la maji ya moto, ili mtu akitaka kusafisha tangi, maji yalizunguke bila kuingia ndani. Katikati ya kibomba ndipo penye koki. Ile ya zamani ilikuwa inavuja, naye siku hiyo aliibadilisha, akiwa amelala chali chini ya benchi la kukalia, shemeji yake akimwelekeza kwa simu.

"Nimeifunga, shemeji."

"Una hakika?"

"Kwa mkono wangu huu."

"Usije ukawa umesahau."

"Shemeji, nimesema nimeifunga. Unataka niape?"

"Basi, basi, usinile mbichi." Kaka akavuta pumzi. "Kama umeifunga, sina jibu lingine. Tangi litakuwa limeota chokaa. Hapo ni kununua jipya, na huko mliko hamlipati. Mwambie mama asijisumbue, kesho asubuhi nipo hapo."

Simu ilipokatika, Dereva aliitazama kama mtu aliyekanyagwa mguu. "Umesikia? Hajamaliza hata kupima, ameshawasha gari! Huyu ananizungusha makusudi."

"Kaka hana tabia hiyo."

"Ana chumba kilichopakwa rangi. Chumba kitupu humbadilisha mtu."

Mshonaji aliingia ndani akaanza kupima kwa vidole vyake mwenyewe. Bomba pale linapotoka kwenye tangi lilimchoma, akarudisha mkono haraka. Lakini lilipotokeza tena bafuni, baada ya kupita nyuma ya kabati na chini ya benchi, lilikuwa vuguvugu lilelile la kichanga.

"Joto linapotelea njiani," alisema.

"Linaibwa na baridi," Dereva akakubali, akafurahi kupata mwizi ambaye si yeye. "Bomba liko uchi. Tulivishe."

Haikuwa fikra mbaya kwa mtu aliyeoa mshonaji. Wakatoa blanketi la zamani, mke akalikata vipande virefu, akakaa kwenye cherehani kushona mkono wa sweta usio na sweta, wa kulivisha bomba lote. Mumewe, kwa kuwa hakuweza kukaa bure akimsubiri, akachukua bisibisi na kwenda kumalizia kazi aliyokuwa ameiahirisha tangu mama afike: mlango wa bafu. Mpaka saa hiyo bafu lilisitiriwa kwa pazia, jambo ambalo mama alilivumilia kimya, na ukimya wake ulisikika gari zima.

Kwa muda pakawa na utulivu mzuri. Cherehani ilitafuna uzi. Nje, dereva mmoja wa lori alikuwa akipiga mswaki kwenye kioo cha pembeni. Mama alilala chali akitazama dari.

"Haya, mama!" Dereva akaita. "Mlango wa bafu nimeufunga."

"Ahsante, baba. Sasa nifungulie, nataka kunawa."

"Uko wazi, mama. Pita tu."

Mama akajiinua kwa kiwiko. "Umeufunga au uko wazi?"

"Nimeufunga. Na uko wazi."

"Mkwe wangu, chagua moja. Mlango si mwanasiasa."

"Vyote, mama! Nimeufunga sasa hivi, bawaba kwa bawaba. Halafu nimeuacha wazi upite."

Mguu wa Mshonaji ukasimama juu ya kanyagio. Sindano ikabaki imezama katikati ya blanketi. Aligeuka akautazama ule mlango, ulivyopachikwa vizuri kwenye fremu yake, na ulivyo wazi kabisa. Kisha akamtazama mumewe, na bisibisi mkononi mwake.

"Baba watoto wasiozaliwa," alisema polepole, "ile koki uliifunga vipi?"

"Unaniuliza na wewe?"

"Nieleze tu. Ulianzaje, ukamalizaje."

"Nilisafisha nyuzi za bomba. Nikazungusha tepu nyeupe. Nikaikaza kwa spana mpaka ikalia. Haidondoshi hata tone! Hivyo ndivyo koki inavyofungwa."

"Na mkono wa koki?"

"Mkono una nini?"

Mshonaji tayari alikuwa amechukua simu.

"Kaka, nijibu kwa kifupi. Ulipomwambia shemeji yako aifunge koki, ulitaka afanye nini?"

"Aifunge! Aizungushe maji yasipite. Kwani kufunga maana yake nini?"

Dereva akaketi juu ya kifuniko cha choo, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu.

"Mimi niliipachika," alisema kwa sauti ndogo.

"Uliipachika ukaiacha wazi?" kaka akauliza.

"Uliniambia nifunge! Koki mpya inafungwa. Taa inafungwa. Antena inafungwa. Hata hita hii ni wewe uliyeniambia nitafute pa kuifunga!"

"Ungetumia akili, shemeji."

"Nawe ungesema 'ziba'!"

"Tangu lini koki ikazibwa? Huzibwa chupa!"

"Nyamazeni," mama akasema kutoka kitandani, bila kupandisha sauti, na wanaume wawili, mmoja mjini na mmoja juu ya choo, wakanyamaza. "Mtoto hufungwa nepi, mzigo hufungwa kamba, mwizi hufungwa jela. Neno limebeba kazi nyingi kuliko punda, halafu ninyi mnalipakia na koki. Mkinena, neneni mpaka mwisho. Sasa nani anakwenda kuizungusha? Mimi nasikia baridi."

Mshonaji alinyanyua mto wa benchi, kisha ubao. Huko chini, kati ya mabomba mawili, ilikuwepo koki mpya inayong'aa, imepachikwa kwa ustadi usio na dosari, mkono wake mwekundu umelala sambamba na bomba, yaani wazi kabisa. Muda wote huo maji ya baridi yalikuwa yakikata njia hapo kwenda bafuni, yakichanganyika na ya moto, na tangi likichemka kwa faida ya nani haijulikani. Dereva akapiga magoti karibu na mkewe. Akaugeuza mkono ukakaa kama msalaba juu ya bomba.

"Imefungwa," alisema. Kisha akatafakari. "Mara mbili."

Mkewe akacheka mpaka akashika ubao.

Waliyaachia maji dakika za kutosha, kisha mama akaingia na taulo lake. Mlango ukafungwa, safari hii kwa maana anayoitaka mkunga. Pampu ikaanza kunguruma. Kitambo kidogo hakikusikika kitu kingine, na Mshonaji alisimama katikati ya gari, mikono ameikunja, akisikiliza kama wanavyosikiliza watu walio nje ya chumba cha kujifungulia. Ndipo mvuke ulipoanza kupenya chini ya mlango, mwembamba, ukielekea dirishani. Na nyuma ya mlango mama akaanza kuguna, mguno mrefu wa mtu anayetua mzigo.

Alitumia maji yote. Pampu ilipoanza kukohoa ndipo alipotoka, uso umemng'aa, vidole akivikunja na kuvikunjua mbele ya macho yake kama anayevihesabu.

"Kiwiko kimesemaje, mama?" Dereva akauliza, bado na spana mkononi.

"Kiwiko sikukiuliza. Nimeingia mzima." Akanyoosha mkono. "Nipeni simu."

Kaka alikuwa anasubiri habari; alipokea kabla haijaita vizuri. "Mama? Nije kesho saa ngapi?"

"Njoo asubuhi, mwanangu. Njoo na vyombo vyako, uyakague na mabomba mengine, maana shemeji yako anafunga asivyofunga mtu. Unywe chai. Halafu utuage."

"Niwaage?"

"Utuage. Chumba chako kizuri, nitakuja kukiona mvua zikiisha. Rangi haiozi."

Kikasikika kicheko cha kaka, chembamba mwanzoni, halafu kikapanuka.

"Yaani mimi ndiye niliyekaa kwenye simu nikawaelekeza mpaka ukapata maji ya moto?"

"Wewe, mwanangu. Mungu akubariki."

"Basi nimejifunga mwenyewe."

"Bao safi, shemeji!" Dereva akapaza sauti. "Tena hilo la kujifunga nimelielewa bila maelezo!"

Mama akakata simu, akaiweka juu ya lile blanketi lililoshonwa nusu, akamtoa mkwe nje kwa kumkazia jicho. Akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akateremsha taulo mabegani na kumgeuzia binti yake mgongo, ungali na joto la maji.

"Nipake mafuta," alisema. "Na usinipapase kama kitambaa cha mteja. Sugua."

Mshonaji akamimina mafuta kiganjani. Hakukumbuka kama aliwahi kuugusa mgongo huo tangu alipokuwa akibebwa juu yake. Akasugua.